Vifaranga wa Wafula na Paka wa Bi. Mwanaisha

Kuna asubuhi moja ya Dandora, hapa Nairobi, ambayo nikiikumbuka hata leo, mwanangu, mikono yangu hukosa pa kukaa. Jana uliponiambia kwamba unataka kufuga kuku wa kujifurahisha nao katika kibustani chenu cha Umoja, na kwamba jirani ana paka anayezunguka humo humo, nilicheka. Lakini ulipoondoka sikutulia. Sogea basi nikusimulie, kisha ukachague kuku wako.

Nilikuwa msichana bado, nimeolewa na babu yako Wafula, Mungu amrehemu. Miaka ile ya sabini ilikuwa inaisha, na Dandora ilikuwa ikijengwa chumba baada ya chumba, kila ploti na lundo lake la mchanga. Wafula alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni. Sisi tulipanga vyumba viwili, na viwili vingine alipanga Bi. Mwanaisha, mjane wa kutoka Mombasa aliyeuza mahamri na kumlea mjukuu wake Salma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Ua ulikuwa mmoja, bomba la maji moja, na nyuma tulikuwa na kibustani kimoja cha sukuma wiki na dania. Paka naye alikuwa mmoja, jike mweusi aliyeitwa Kaniki, mali ya Bi. Mwanaisha.

Usimdharau paka huyo. Jaa la taka halikuwa mbali, na panya wa kule hawakumwogopa mtu. Kabla Kaniki hajaletwa, panya alimng'ata Salma kidole akiwa usingizini. Tangu paka aje, tulilala.

Mwaka ule nilikuwa nimejifungua mtoto wa kiume ambaye hakukaa nasi. Sitasema mengi juu yake, hata sasa ni vigumu. Nitasema tu kwamba baada ya kumzika sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nilifua nguo safi, nilitoka nje nikasahau nimefuata nini. Wafula naye hakutamka neno kuhusu mtoto. Wanaume wengi wa wakati huo walidhani kunyamaza ndiko kumsaidia mke. Jioni moja akarudi na katoni iliyotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na vifaranga, manjano tupu, wakilia kwa pamoja.

"Si wa kuchinja," akaniambia, huku akitazama pembeni. "Ni wako. Wa kukaa nawe mchana."

Walikuwa wazuri, sikatai. Nilipowatia kiganjani na kuusikia ule moyo mdogo unavyodunda, nililia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Lakini Wafula alikuwa amechagua kwa jicho lake peke yake. Hakujiuliza ni nani mwingine anayeishi katika ua ule.

Bi. Mwanaisha alipowaona aliguna. "Mwanangu Nasimiyu, hawa ni wadogo mno kwa Kaniki. Kitu kidogo chenye kukimbia kimbia, yeye anajua ni panya. Mwambie mumeo awarudishe, akuletee kuku waliokwisha komaa."

Nilimfikishia Wafula maneno hayo. "Afunge paka wake," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki haikuisha. Kaniki alichukua kifaranga mmoja mbele ya macho yangu, kisha mwingine, kisha nikaacha kuhesabu. Sikumchukia. Alikuwa akifanya kazi ile ile tuliyompendea. Ila kila kifaranga alipopungua, Wafula alizidi kukunja uso. Siku moja alfajiri alikuta manyoya ya manjano mlangoni. Alisimama akiyatazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama manyoya. Baadaye, akiwa amekwisha vaa koti la kwenda kazini, akanigeukia.

"Huyo paka hatakusumbua tena."

Akaondoka. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi. Nikainua macho juu ya kabati tulikoweka dawa ya panya, nikaona kopo halipo. Kwenye sufuria, dagaa wetu wa jana, wale omena, nao walikuwa wamepungua.

Ndipo nilipoanza kuzunguka, mwanangu. Niliangalia nyuma ya choo, nikapekua mistari ya sukuma wiki, nikainua mabati, nikafunua magunia. Sikuona kitu. Nikarudia pale pale nilipokwisha tazama. Ndani ya kichwa changu maneno yalikuwa yakigombana. Nikimwambia Bi. Mwanaisha, nimemvua nguo mume wangu mbele ya jirani. Nisipomwambia, je? Pengine nitaipata hiyo sumu mwenyewe, nitaimwaga, jioni nitanyamaza. Nikaendelea kuinama na kuinuka kama mtu aliyepoteza pete.

Kisha mlango wa pili ukafunguka, Salma akatoka tena akitambaa, mbio mbio kama kawaida yake, na mkono umekwisha fika mdomoni na kitu cha kwanza alichookota.

Nilipiga kelele. Nilimnyakua, nikamtoa kidole kinywani, kilikuwa na udongo tu. Bi. Mwanaisha akatoka na unga mikononi.

"Kuna nini?"

"Mama, Wafula ametega sumu uani. Amemtegea Kaniki. Sijui ameiweka wapi."

Hakupiga ukelele. Alinitazama hivi, macho makavu. "Tangu saa ngapi unajua?"

"Tangu alipotoka."

"Na huyu mtoto ametambaa humu tangu asubuhi."

Nikamkabidhi mtoto. Alimchukua Salma mgongoni, akamfunga kwa leso, akaenda moja kwa moja nyuma ya lundo la mchanga, mahali ambapo Kaniki hupenda kujilaza jua likipanda. Alimjua paka wake. Hapo palikuwa na karai kuukuu limeinamishwa juu ya jiwe, na chini yake sahani yetu ya bati. Ilikuwa na ugali uliofikichwa na omena, na upande mmoja tayari umeliwa.

Umeliwa na nani? Hatukujua. Bi. Mwanaisha alimnusa Salma mikono, akamnusa mdomo, akamnusa tena. "Sisikii samaki," akasema, akikaza fundo la leso. "Twende."

Tulikwenda zahanati kwa miguu, yeye na mtoto mgongoni, mimi nikikimbia nyuma na sahani ndani ya mfuko ili nesi aione. Nesi alimkagua Salma macho na ulimi, akatuambia tubaki naye pale pale aangaliwe. Ule mchana sijui niuelezeje. Nilikaa kwenye benchi, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Bi. Mwanaisha hakunisemesha hata mara moja. Kila Salma aliposinzia, alimtikisa aamke. Jua lilipoanza kushuka mtoto akadai uji, akanywa wote, akamvuta nesi kofia. Tukaruhusiwa.

Nilirudi nikidhani shida imekwisha. Tulipoingia uani, Kaniki alikuwa ameketi juu ya ukuta, mzima, anajilamba. Chini, kando ya karai, vifaranga wote waliobaki walikuwa wamelala chali. Nilikuwa nimewatoa asubuhi wadonoe donoe kama kawaida, na katika heka heka zile hakuna aliyewakumbuka. Chembe za ule ugali zilizomwagika walizila wao.

Wafula aliporudi alinikuta nimekaa chini karibu nao. Nilimweleza yote: Salma, zahanati, sahani. Kisha akaketi juu ya mchanga na nguo zake za kazi, akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

"Hata hawa," akawa anasema. "Hata hawa nimeshindwa kuwalinda."

Hapo nikaelewa kwamba hasira yake haikuwa ya paka. Tukazungumza habari za mwanetu jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, tukiwa tumekaa mchangani.

Baadaye alinawa uso, akaenda kubisha hodi kwa Bi. Mwanaisha. Nilimfuata nyuma. Alisimama mlangoni, kichwa chini, akaomba msamaha. Yule mama alimwacha amalize.

"Wafula," akamwambia, "paka wangu alikula vifaranga wako, na ulikuwa na haki ya kuja hapa hata kwa makelele. Mlango wangu na wako ni hatua chache. Ungeniambia, ningemfungia. Umeona ni rahisi kutega sumu kuliko kusema na mimi? Hilo ndilo linaloniuma. Nenda kalale, baba. Mimi leo siwezi kukupa mkono."

Na kweli hakumpa. Majuma yakapita Salma akiwa hatolewi nje. Tulipishana bombani kwa salamu tu. Wafula alichimba ua wote, akatupa mbali ule udongo, akaleta mwingine. Nami nilizunguka ndani ya vyumba viwili kama niliyefungwa.

Asubuhi moja mlango wangu ukagongwa. Ni Bi. Mwanaisha, amejitanda buibui, kikapu mkononi. "Vaa viatu, Nasimiyu. Twende soko la Burma tukachague kuku."

Sokoni nilikimbilia kwa kuku mweupe mwenye kilemba kizuri. Alinishika mkono. "Usitazame manyoya. Peleka mkono usoni pake." Nilipopeleka, yule mweupe akaruka na kupiga makelele. "Huyo akikimbia mbele ya Kaniki, Kaniki atamfuata. Paka hufuata kinachokimbia." Tulipita matenga mengi mpaka tukapata majike wawili wa kienyeji, wazito, waliokwisha lea vifaranga. Mmoja, wa kijivu, upanga wake wa kichwani umechanika. Nilipompelekea mkono hakukimbia. Alinidonoa.

"Huyo," akasema Bi. Mwanaisha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwona anacheka.

Wafula aliwajengea banda la waya. Kaniki aliketi nje akiwakodolea, siku nyingi, mpaka akachoka. Tulipowafungulia, mimi na Bi. Mwanaisha tulisimama tumeshikana. Paka alinyemelea. Yule wa kijivu akatuna, akatandaza mabawa, akamwendea yeye. Alimdonoa pua! Kaniki alipaa ukutani, na tangu hapo alipita mbali nao. Salma alijifunza kutembea akiwafuata kuku hao, na ni Wafula aliyekuwa akimshika mkono.

Sasa, mwanangu, fanya hivi. Acha vifaranga dukani. Chagua kuku waliokomaa, wazito, wasiokimbia ovyo. Wafungie ndani ya waya kwanza, paka awazoee kwa macho, na siku ya kuwafungulia usiondoke. Lakini kabla ya yote hayo, nenda kwa huyo jirani leo, umwambie unachotaka kuleta. Paka wake alikuwepo kabla ya kuku wako. Na moyo wako ukiuma kwa jambo jingine, liseme hilo hilo kwa jina lake, usimtwike mnyama wala jirani.

Mungu aubariki ua wako, aupe amani mlango wako na wa jirani yako. Akupe ulimi wa kusema mapema, na usingizi usiokatika. Nenda salama, mwanangu.