Kilomita Milioni Tano

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi moja mwanzoni mwa Julai, kupitia kundi la akina mama wa kanisa la mama yangu. Ulikuwa mrefu, wa kusambazwa, na ulianza na neno AFELIONI kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba. Ulisema dunia sasa inaenda mbali na jua kuliko wakati wowote, kwamba baridi inayokuja haijawahi kuonekana, watu watakohoa na kuumwa na mifupa hadi Agosti, na watoto wachanga ndio watakaoondoka kwanza. Mwisho ulikuomba uwatumie wote unaowapenda. Mama alinitumia mimi, na tulikuwa tumekaa kiti kimoja.

Wakati huo nilikuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo hivi kwamba niliogopa hata kumvalisha soksi. Hospitali walituruhusu kwenda nyumbani na onyo moja, wakalirudia hadi nikachoka: asipate baridi, mbebeni kifuani, ngozi kwa ngozi. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo Mama aliteremka kutoka Molo na mifuko miwili ya viazi kuja kunisaidia pale Lanet, nje kidogo ya Nakuru. Nyumba ya kupanga, sakafu ya simiti, dirisha la chuma lisilofunga vizuri, na ukungu umelala nje hadi saa nne. Aki niliogopa. Akilia naogopa, akilala sana naogopa, akinyamaza ndio kabisa.

Sasa, mimi ni mwalimu wa jiografia. Njia za sayari nimezifundisha mpaka wanafunzi wakalala na mimi nikakaribia kulala. Niliposoma ule upuzi, hasira ilinipanda.

"Mama, huu ni uongo mtupu."

"Uongo? Kwani na hii baridi ni uongo?"

Alikuwa anafuma kofia ya mtoto. Nikamnyang'anya sindano zake mbili, nikazichomeka kwenye kifuniko cha katoni ya nepi, nikazizungushia kitanzi cha uzi, nikatia penseli ndani ya kitanzi na kuchora. Sindano zikiwa mbalimbali, penseli inatoa duara lililovutwa, kama yai. Nikamwambia nyota zenye mkia zinapita njia ya namna hii. Jua linakaa kwenye sindano moja, ile nyingine haina kitu, kwa hivyo nyota ile inakaribia jua hadi inachemka, kisha inaondoka kwenda gizani miaka na miaka, barafu tupu. Kuna hata sayari za majua mengine zinazopikwa na kugandishwa ndani ya mwaka wao mmoja.

Halafu nikazisogeza sindano hadi zikakaribia kugusana, nikachora tena. "Hii ndiyo yetu. Imevutika kidogo sana. Ukiwekewa hii na duara la sahani, hutajua ipi ni ipi. Januari tuko karibu kidogo, Julai tuko mbali kidogo, kila mwaka, tangu uzaliwe."

Akapitisha kidole kwenye mchoro wa pili.

"Mbali kidogo ni ngapi?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mwalimu ni mwalimu. "Kama kilomita milioni tano zaidi ya Januari. Lakini Mama, hiyo ni sehemu ndogo tu ya milioni mia moja na hamsini na..."

"Milioni tano!" Akashika kifua. "Woiye! Kumbe ni kweli tunaenda!"

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilimwambia dada yangu yuko Uarabuni mwezi huu huu anaungua na joto, na jua ni lile lile, umbali ule ule. "Huko ni jangwa, usiniletee," akasema. Nikamwambia baridi yetu inaletwa na mawingu na upepo wa kutoka kusini, na wingu likipasuka mchana watu wanavua sweta. Akaniuliza mbona basi Januari Nakuru inaungua na Julai tunatetemeka, kama si mambo ya karibu na mbali. Lilikuwa swali zuri. Nikaanza tena habari za mawingu na upepo unaogeuka, na yeye akaona mwalimu ameshindwa. Na niseme ukweli: nilipoinuka pale nilienda moja kwa moja kugusa miguu ya mtoto. Hesabu yote naijua, na bado zile kilomita nilizihisi.

Kesho yake nilitoka kwenda duka la dawa kuchukua matone ya vitamini. Nikakuta foleni. Huku nyumbani, Mama aliwasha jiko la makaa nje kama kawaida na kulipepea hadi makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha. Kwake jiko lisilo na moshi halina neno. Akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba nyufa zote kwa matambara, akasukuma blanketi chini ya mlango, kisha akakaa kitandani na mtoto kifuani. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye.

Mimi nilirudi, nikaita. Kimya. Mlango wa chumba haukuwa na kufuli, lakini ulikataa kufunguka, kitu laini kimeuzuia. Nikausukuma kwa bega. Joto likanipiga usoni. Sikuona moshi wala sikusikia harufu yoyote ya kunishtua. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni. Nilimchomoa mtoto kwenye leso aliyofungwa nayo kifuani, na shingo yake haikuwa na nguvu yoyote. Sijui nilipiga kelele gani. Jirani aliniambia alidhani ni wezi.

Nikakimbia naye nje. Nikamvua blanketi, kofia, sweta, kila kitu, katikati ya ule ukungu, mtoto niliyeambiwa asipate baridi. Nikampapasa mgongo, nikampulizia usoni, nikamwambia lia, tafadhali lia, mama yako nakuomba. Mambo ya jua hayakuwa kichwani. Kilichokuwa kichwani ni kwamba sina mtoto. Jirani alimburuta Mama hadi nje, naye akaanza kutapika. Ndipo mtoto akakunja uso na kutoa sauti nyembamba, halafu nyingine, halafu kilio kamili. Nikakaa chini pale pale kwenye matope.

Hospitali waliwawekea oksijeni wote wawili. Daktari alinieleza kwamba hewa ya makaa haionekani wala haina harufu, na kila msimu wa baridi inapata watu wakiwa wamejifungia na jiko. Alianza kusema kuhusu dakika, kama ningechelewa. Nikamwomba asimalize.

Mama aliruhusiwa kwanza. Kila siku alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi na mikono ndani ya shuka aliyojitanda mabegani, na hakumgusa mtoto hata mara moja. Siku ya mtoto kuruhusiwa, nikiwa nimembeba, nilitaka kufunga kamba za viatu.

"Mama, mshike."

"Hapana. Mpe nesi."

"Mama!"

"Nilitaka tu asisikie baridi," alisema, akarudi nyuma hatua moja. "Mpe nesi, msichana wangu. Usinipe mimi."

Nilikuwa na hasira naye bado. Tena nilikuwa namuogopa, mama yangu mzazi, ile mikono iliyonilea. Lakini niliona wazi kwamba akirudi Molo hivi, hatamshika mtoto huyu maisha yake yote. Nikamsogelea, nikaifungua shuka, nikamweka mtoto kwenye mikono yake. Akampokea, machozi yanamtiririka bila sauti. Nesi akasema haya, nendeni salama. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa bado mkononi mwangu, na nilijiambia niuachilie. Tukatembea hivyo hadi langoni, Mama amembeba, mimi kamba za viatu zinaburuzika chini, sijauachilia.