Bendera Mbili na Pasi ya Mke Wangu

Marehemu mke wangu alikuwa mpiga pasi wa bendera kwenye ukumbi wa mikutano ya mataifa. Siku binti yetu alipoingia leba, nchi mbili jirani zilikuja kupatana kuhusu mpaka. Wajumbe wakagoma kukaa, kila upande ukidai bendera ya wenzao imeizidi yao kidole kimoja. Fundi akarefusha mlingoti huu, akarefusha ule, mpaka bendera zikagusa dari. Na mke wangu hakuruhusiwa kuondoka kabla mkutano haujaanza.

"Mama, inua yetu kidogo tu," akasema mheshimiwa mmoja.

"Baba, na paa nalo niliinue? Mwanangu yuko leba!"

"Hili ni suala la heshima ya taifa."

"Basi heshima yenyewe ina mikunjo. Naenda kuinyoosha."

Akazishusha zote mbili, akazitia kikapuni, akatoka nazo. Wakabaki wanaume wazima na milingoti mitupu. Wakakaa.

Alifika hospitali mtoto akiwa bado hajazaliwa. Jioni mkataba ulitiwa saini, ukashukuru mataifa rafiki kumi na moja. Yeye hakutajwa. Mjukuu tulimpa jina la bibi yake, nami sasa naliita kutwa nzima.