Usimpelekee Fundi Blauzi ya Zamani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyokwama ndani ya blauzi. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia, wa kushoto umebaki nje, na kichwa kiko katikati, gizani, ndani ya kitambaa kipya kinachonukia duka. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nilikuwa bado kijana. Unacheka? Miaka hamsini na moja ni ujana ukiitazama kutoka hapa nilipoketi leo. Ngoja tu, utafika, na utanikumbuka.

Lakini habari ya blauzi haianzi na blauzi. Inaanza na joto.

Unajua usiku wa Goma ulivyo na baridi upepo ukishuka kutoka mlimani. Mimi nilikuwa nafungua dirisha. Joto lilinipanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likanifika usoni, na shuka likalowa chapa. Papa Furaha, mume wangu, alilala amevaa koti na kofia ya sufu, na hakusema neno, kwa kuwa alishajifunza kwamba neno lolote lilizaa ugomvi. Usingizi ulinikimbia. Sokoni Ndosho, ninakouza fromaji, ile jibini kutoka Masisi, mteja akiuliza bei mara mbili nilimwambia aende akamuulize ng'ombe.

Siku zangu za mwezi zilikuwa zimekoma. Jambo hilo, mwanangu, mama yangu hakuniambia, na shangazi zangu hawakuniambia, ingawa wote walilipitia. Tunafundishwa sana jinsi ya kuwa mwari, kuwa mke, kulea mtoto. Mlango huu wa mwisho kila mwanamke anaachiwa aupapase mwenyewe. Nami naona hasira mpaka leo, ndiyo maana nakueleza wazi.

Nilikwenda hospitali nikamwona daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alinipima tension, ile presha ya damu, akanipima matiti, akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna saratani au watu waliogandiwa na damu. Akasema si kila mwanamke anafaa kumeza dawa hii, lakini mimi nafaa. Ndipo akanipa vidonge vya homoni, vya kuurudishia mwili sehemu ndogo ya kile ulichoacha kukitengeneza wenyewe. Majuma hayakupita mengi nikalala usingizi wa mtoto mchanga. Papa Furaha akavua kofia.

Ningeishia hapo ningekuwa sina la kukusimulia. Lakini mwili nao ulikuwa na lake. Nilianza kunenepa, hasa tumbo. Kwetu unajua, mtu akinenepa anapongezwa. Sokoni waliniambia nimenona, muzee ananilisha vizuri, nami nikacheka nao. Nikifika nyumbani nilikigeuza kioo kikatazama ukuta. Jirani yangu wa meza, Mama Neema, anayeuza vitunguu, alinisogelea siku moja akasema, kama anayenitolea siri kubwa, kwamba ni ile dawa ndiyo inanivimbisha. Nikamwamini. Daktari alikuwa mbali, na Mama Neema alikuwa hapa karibu, kila siku, na sauti yake.

Wakati huo huo Furaha, kifungua mimba wangu, alipata mchumba. Ng'ombe wa mahari wakatolewa, harusi ikapangwa. Sasa nisikilize vizuri. Kwetu sisi watu wa milima ya Masisi, siku ya harusi mama wa bibi arusi hutoka mbele ya wakwe akacheza, mikono juu, imepinda kama pembe za ng'ombe. Si mchezo wa kupita. Ndipo wakwe wanapomwona aliyemzaa na kumlea yule wanayemchukua, na mtoto anasindikizwa na furaha ya mama yake. Tangu Furaha yuko mgongoni nilikuwa naingoja siku hiyo.

Basi nikafanya ujinga. Unajua tulivyozoea, mtu akitaka nguo hapimwi. Anampelekea fundi nguo inayomkaa, fundi anaiga. Nilifungua sanduku nikatoa blauzi niliyovaa kwenye ubatizo wa kitinda mimba wangu, zamani zile kiuno kilipokuwa kiuno. Nikampelekea fundi pamoja na kitambaa kipya, anishonee ya kuvaa chini ya mushanana, lile shuka letu la begani. Fundi akaitazama blauzi, akanitazama mimi, akaitazama tena blauzi.

"Mama, hii ni kipimo ya bibi arusi?"

"Ni yangu. Shona tu vile iko."

"Sawa, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi.

Nilikuwa nimeweka nadhiri moyoni: blauzi haitanifuata mimi, mimi nitaifuata blauzi. Sikumwambia mtu. Vidonge nikavifungia kabatini. Asubuhi maji ya moto na limau, mchana kikombe cha uji, jioni nawatazama wengine wakila fufu, ugali wetu wa muhogo, nami nameza mate. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu haukuwa mbali. Joto likarudi, safari hii limeongozana na njaa. Usingizi ukaondoka tena. Nikawa mkali kuliko kwanza. Siku moja Furaha aliniuliza tu idadi ya wageni wa upande wetu, nikampigia kelele mpaka akalia, akasema kama harusi yake inanitesa hivi, basi afadhali ingoje. Yeye alidhani simpendi mkwe wangu. Ningemwambiaje kwamba adui yangu ni blauzi? Siku ya pili yake kizunguzungu kikanishika sokoni, nikaangukia meza yangu na fromaji zikabiringika hadi barabarani.

Ndipo ikaja siku ya kwenda kuchukua nguo kwa fundi. Niliileta nyumbani nikiwa peke yangu na mama mkwe wangu, mama yake Papa Furaha. Tulimwita Mukecuru, ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwa heshima. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni, amezaa, amezika, amekimbia vita mara zaidi ya moja, na sasa aliishi nasi, anaketi karibu na jiko na fimbo yake, haongei sana. Nikaingia chumbani, nikajaribu. Mengine nimekwisha kukuambia. Nilihangaika mle hadi nikaanza kulia, na kilio kikamfikia.

Nilisikia fimbo inakuja. Akashika kitambaa kwa chini, akavuta taratibu kama anayemchuna sungura, nikatoka. Nilikaa kitandani nusu uchi mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na aibu ikanitoa maneno yote: vidonge, limau, nadhiri, kizunguzungu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nikamalizia kwa kumwambia uamuzi wangu. Mdogo wangu atasimama mahali pa mama, yeye bado ni mwembamba, atacheza. Mimi nitakaa nyuma ya ukumbi, niangalie sahani.

Mukecuru aliikunja ile blauzi, akaiweka pembeni. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau hadi nifukiwe.

"Mukamwana wangu, minakuuliza. Ni nani alizala Furaha: ni weye, ao ni ile blauzi?"

Nikajivutia shuka kifuani.

"Basi blauzi ikae nyuma, weye usimame mbele. Kule kwetu, ng'ombe mama akiacha kuzala, ananona, anakuwa muzito. Tulimuchekaka? Hapana. Ni yeye anatangulia, na wenye kuzala banamufuata, sababu anajua njia ya maji." Na wewe usikunje uso, mwanangu, kwetu kufananishwa na ng'ombe si tusi. Kisha akaigeuza fimbo kuelekea kabatini. "Na ile dawa, ni nani alikuambia uache? Munganga wa hospitali alikupima mwili. Mama Neema alipima nini? Vitunguu. Kesho urudi kwa munganga, umuambie yote, hata ya haya."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nililihitaji kwa kucheza. Nilirudi.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa ile kazi yake ni kutuliza joto na kuturudishia usingizi, na mifupa nayo inafaidika. Haikuwekwa kwa ajili ya kunenepesha wala kukondesha. Mwanzoni inaweza kumfanya mtu ajione amejaa kidogo, na ikimsumbua anarudi, wanaitazama upya, wanapunguza au wanabadilisha. Lakini haiachwi kimyakimya kwa sababu ya maneno ya sokoni. Kuhusu tumbo, akasema umri wenyewe unaleta: nyama ya nguvu inapungua, mafuta yanahamia katikati, na asiyelala usiku hula ovyo mchana. Nikijinyima chakula, kinachoondoka kwanza ni ile nguvu. Akanipima upya, akanirudishia dawa kwa kipimo kidogo zaidi, akaniambia nile maharagwe, sombe ya majani ya muhogo isiyoogelea mafuta, sambaza, wale dagaa wa ziwani, nipunguze fufu ya usiku na sukari ya chai, na nitembee. Nikamuuliza kama nitarudia kiuno cha zamani. Akacheka, akasema hata yeye anakitafuta chake.

Nikaanza kwenda kwa miguu hadi Kituku, kando ya ziwa, kununua sambaza kwa wavuvi, kisha narudi na kikapu kichwani. Ilikuwa safari niliyozoea kuipandia moto, pikipiki ya abiria. Kijana aliyekuwa akinibeba kila siku alinipita siku ya kwanza, akapunguza mwendo, akaniuliza moto yake ilinikosea nini. Nikamwambia imepewa likizo. Wiki ya kwanza nilihema kama ninayepanda mlima Nyiragongo. Baadaye nikawa naimba. Haba na haba hujaza kibaba, na kwangu haba na haba ilikuwa inakitoboa kile kibaba kilichokuwa tumboni. Sikudanganyi, haikuwa nyingi. Suruali ya kulalia ililegea kidogo, basi. Kilichobadilika sana ni miguu, na pumzi, na ulimi. Nilimwita Furaha nikamweleza kila kitu, tukacheka hadi tukalia, na habari ya harusi kungoja ikaisha siku hiyo.

Kwa fundi nilirudi mwenyewe, na ile blauzi mpya mkononi, bila ya zamani ya mfano. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Papa fundi, sasa unipime miye." Akaishusha mita aliyokuwa ameivaa shingoni, akanizungusha kifua, akanizungusha tumbo, na nilikataa kuvuta pumzi ndani. Kitambaa kilichobaki hakikutosha kushona nyingine. Akafumua mbavu zote mbili za ile blauzi mpya, akaweka vipande vya rangi ya maziwa kuanzia kwapani hadi kiunoni. Kisha akaniambia nipandishe mikono. Nikaipandisha. Hata uzi mmoja haukulia.

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwa nimeliona. Ile blauzi, vile ilivyoshonwa mara ya kwanza, hata kama ningekonda nikaingia ndani yake, ilikuwa nyembamba mno kwapani. Nisingeweza kupandisha mikono. Ningesimama mbele ya wakwe na mikono imebanwa ubavuni, mwembamba, nisiweze kumchezea mwanangu.

Siku ya harusi, wimbo ulipoanza nilihisi joto linapanda. Ndiyo, hata kwa dawa siku moja moja linakuja kusalimia. Nikaliacha lipande. Nikatoka katikati ya ukumbi, mushanana begani, vile vipande vya maziwa vinaonekana kila nikigeuka, na nikapandisha mikono yangu, pembe ndefu za ng'ombe wa Masisi. Nilikanyaga ile sakafu, mwanangu. Ule uzito niliokuwa nauonea haya ulikuwa unaitikia ngoma, na vigelegele vikapasuka upande wetu, kisha upande wa wakwe, na Furaha akasimama kwenye kiti chake cha heshima akilia na kucheka. Niligeuka nikamtafuta Mukecuru. Alikuwa amesimama. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine uko juu, pembe moja, anacheza pale pale alipo. Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe, na Papa Furaha akisikia haya asinune.

Nilipoketi, jasho linatiririka, mama wa bwana harusi alikuja akakaa karibu nami. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwona anavuta vuta blauzi yake na kujipepea kwa karatasi ya programu. Akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa sauti ya chini nguvu ile naitoa wapi, maana yeye halali. Nikamshika mkono, nikamwambia kesho kutwa twende wote kwa daktari. Na tulikwenda. Yeye hakufaa kwa vidonge kama vyangu, kwa sababu ya tension yake. Alipewa njia nyingine, na leo tunatembea pamoja hadi Kituku, sisi wawili, tunasengenya wajukuu.

Basi shika haya. Siku itakuja mwili wako utabadilika bila kukuomba ruhusa. Usiuonee haya na usiupige vita kwa njaa. Umpelekee daktari aupime, useme yote, na dawa akikupa usiiache kwa neno la jirani, wala usimeze ya jirani kwa kuwa imemfaa yeye. Kula vizuri, tembea, lala. Ukipungua, shukuru, usipopungua, shukuru pia, maana miguu bado inakubeba. Na mama aliyekuzaa akikunyamazia, uliza. Na wewe ukiwa mama, usinyamaze. Blauzi yangu ya zamani leo inafunika fromaji pale mezani zisipate vumbi, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe fundi mwenye mita ndefu, daktari mwenye subira, na mzee wa kukuvua nguo uliyokwama ndani yake. Na siku yako ya kucheza ikifika, ikukute na nafasi ya kupandisha mikono.