Nilivyokwenda Kibua Kupima Ngozi ya Dada Yangu

Niliondoka Masisi na hasira, wala sioni haya kusema. Enzi hizo za Wabelgiji, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa infirmie, yaani muuguzi, wa dispansari. Dada yangu Feza aliolewa upande wa Walikale. Barua ya mumewe ilinieleza kwamba ajenti wa afya, Mzungu, alipita kijijini, akaona doa jeupe begani pake, akaandika jina lake bila kushuka garini. Feza akapelekwa kambi ya wakoma karibu na Kibua, akaacha mtoto wa miezi minane.

Siku ya kwanza, alfajiri, nilishuka milima yenye malisho ya ng'ombe, mvua ikinipiga. Mfukoni nilikuwa na sindano, unyoya wa kuku na chupa mbili ndogo.

Siku ya pili njia iliingia msituni. Polisi alinizuia nusu siku nzima akiigeuzageuza karatasi yangu ya ruhusa, ambayo hakujua kuisoma. Mwishowe akaniachia nipite.

Siku ya tatu, adhuhuri, nilifika kambini. Kapita wa pale, yaani msimamizi, Papa Lukasi, alinipa kiti na ndizi za kuchoma.

"Dada yako iko na ukoma," alisema. "Muzungu njo aliandika."

"Alimupima na nini?"

"Na macho, infirmie. Sasa mimi nifanye nini?"

Feza alikuja amekonda. Miezi mitano! Nilimfunga macho kwa kitambaa mbele ya watu wote, nikawaeleza. Ndani ya ngozi kuna ncha za mishipa ya fahamu, na kila moja ina kazi yake: hii husikia mguso mwepesi, hii joto, hii baridi, nyingine maumivu. Ukoma huziua, mara nyingi ukianza na zile za joto na baridi, na doa hubaki kama gogo.

Nilipitisha unyoya juu ya doa.

"Iko inanitekenya."

Chupa ya kwanza niliijaza maji ya moto, ya pili maji ya mtoni. Nikamgusa kwa ile ya kwanza. "Moto." Ya pili. "Baridi." Kisha sindano.

"Ai, kaka! Unanichoma!"

Watu walicheka. Nikamfungua kitambaa. Ilikuwa choa tu, ugonjwa wa ngozi unaopona kwa dawa ya kupaka.

Ndipo mama mmoja, Mama Sifa, akaketi mbele yangu na vidole vyenye makovu ya moto wa jikoni. "Na miye unipime, Papa." Nilimfunga macho. Nikagusa doa la mkono wake kwa unyoya, kwa moto, kwa baridi, nikachoma sindano mpaka damu ikatoka.

"Unaanza wakati gani?" akauliza.

Mwaka mzima alikuwa pale, wala hakuna aliyempa hata kidonge kimoja.

Siku ya tano nilikuwa Walikale, mbele ya daktari wa serikali.

"Nani alikuruhusu kupima?" alifoka.

"Hakuna, Dokta. Nenda upime mwenyewe."

Nilidhani nitafungwa. Alikwenda. Alipima wote wawili, akasaini karatasi ya kumtoa Feza na nyingine ya vidonge vya Mama Sifa. Hakuomba radhi kwa yeyote.

Siku ya nane tulifika kwa mume wa Feza. Mtoto alikuwa mikononi mwa nyanya yake. Feza alinyoosha mikono. Mtoto akapiga kelele, akauficha uso wake. Feza akakaa chini, maziwa yamemkauka, akaniuliza, "Kaka, nani atanirudishia hii?"

Nilipanda tena kwenda Masisi peke yangu. Nilichojifunza ni kidogo: kumtazama mgonjwa si kumpima. Tangu safari ile sijaandika jina la ugonjwa kabla ya kumgusa mtu kwa mkono wangu. Yule ajenti naye aliendelea kupita vijijini na kuandika majina mpaka uhuru ulipokuja, na hakuna aliyemuuliza neno.