Mahema ya Ncha na Posa ya Mjukuu Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, tabia yenu naijua. Mnapiga picha sahani kabla ya kula, chakula kinapoa, na mama aliyekipika anangoja pembeni kama mshtakiwa. Leo sitawagombeza kwa hiyo. Nataka kuwaeleza namna picha za mahema zilivyokaribia kuua ndoa ya mjukuu wangu, hapa Bruseli, na mimi nimekaa pale pale na sambusa mkononi. Shule nilitoka mapema. Ninaandika vile ninavyosema, na anayetaka lugha ya mwalimu aende kwa mwalimu.

Tunakaa mtaa wa Evere, ghorofa ya nne: mimi, binti yangu, mume wake, na mtoto wao wa kike ambaye ndiye mjukuu ninayemsema. Mchana anaosha na kulisha wazee wa Kibelgiji kwenye nyumba ya wazee. Kazi ya heshima, na wazee wanampenda. Lakini akishavua nguo za kazi anachukua kamera yake na kwenda kutafuta tipi.

Tipi ni lile hema la miti mirefu inayofungwa pamoja juu, chini pana, na ngozi au turubai kuzunguka. Ni nyumba ya wenyeji wa kwanza wa Amerika. Walikuwa na akili zao: nyati akihama, wanakunja nyumba na kumfuata. Wabelgiji hawamfuati mnyama yeyote, nyama yao iko kwenye friji, lakini tipi wanaipenda kupita kiasi. Wanazisuka kwenye viwanja vya shule kwa matawi mabichi mpaka zinaota majani. Wanaziweka hata ndani ya vyumba vya watoto, na mtoto akipitiwa na usingizi humo, wanamtoa wanamlaza kitandani.

Mjukuu wangu hakuridhika na tipi za kweli. Chochote chenye chini pana na juu ncha, kwake ni tipi. Miavuli ya mikahawa iliyofungwa wakati wa mvua. Ile peremende ya zambarau ya huku inayogandia menoni. Vile vikoni vya rangi ya machungwa vinavyopangwa barabarani wakichimba, na Bruseli mnaijua: wanachimba, wanafukia, wanakumbuka kwamba wamesahau kitu chini, wanachimba tena. Mtu akiamua kupiga picha vikoni tu, atazeekea kazini.

Siku moja akaniambia, "Kambo, twende Ganshoren, utapata hewa." Kambo ndilo jina la bibi kwetu Katanga. Sikujua hewa ya Evere ina kasoro gani, lakini nilikwenda, maana alihitaji mtu wa kumshikia mkoba. Kumbe alikuwa ameona tipi kubwa kwenye bustani ya mtu. Mwenyewe, mzee wa Kibelgiji mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akatufungulia geti kwa furaha.

"Mimi na mke wangu tunalala humu kila mwisho wa juma, madame."

Nikatazama nyuma yake. Nyumba ya matofali, madirisha mapya, bomba la gesi.

"Na ile nyumba, monsieur? Ina shida?"

"Hapana, hapana! Tunataka tu kurudi kwenye maisha ya asili."

"Na choo?"

"Choo tunaingia ndani ya nyumba."

"Donc mnarudi kwenye maisha ya asili mpaka tumbo liseme."

Yeye alicheka. Mjukuu wangu hakucheka, alikuwa ameshafunga jicho moja.

"Kambo, sogea kidogo. Tena. Bado kidogo."

Nikaona ananipanga. Nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa, nikaweka mkono kiunoni, nikainua kidevu.

"Tena, Kambo. Mpaka kwenye ukuta."

"Huko ukutani utaniona?"

"Sitaki kukuona. Nataka tipi peke yake."

Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Ujana wangu, kwenda kwa mpiga picha ilikuwa safari. Unaoga, unaazima saa ya jirani, unasimama mbele ya pazia lenye ndege iliyochorwa, mkono juu ya simu ya mezani iliyokatwa waya. Picha inatumwa kijijini, na kijiji chote kinajua kwamba uko hai na umenenepa. Picha bila mtu ilikuwa filamu iliyoharibika. Nilimwambia hivyo kwenye basi la kurudi. Akasema, "Kambo, unafikiri kizamani." Nikamwambia hewa yake nimeipata, imetosha.

Bon. Wakati huo posa yake ilikuwa imeshaanza. Kijana ni wa Saint-Josse, wazazi wake watu wa Lubumbashi kama sisi, kazi yake kompyuta. Mpole, anasalimia kwa mikono miwili. Walipendana kweli, hilo sitalificha. Mjukuu wangu alikuwa anaimba hata akiosha sufuria. Familia mbili zilikuwa zimeshajuana, siku ya kupeleka mahari ilikuwa inazungumzwa. Ndipo mama wa kijana akafungua simu yake na kuona ukurasa ambapo mjukuu wangu anaweka picha zake. Akampigia binti yangu.

"Mama, mukuye tuzungumuze. Tuliona bintu."

Tulikwenda, mimi, binti yangu na mtoto. Mkwe wangu alisema ana kazi, wanaume wana kazi kila mara panaponuka ugomvi. Wale wanakaa juu ya duka la Mrundi mmoja anayekaanga sambusa nzuri, na sinia yake ilikuwa mezani imejaa. Mama wa kijana alikuwa amekaa katikati. Kulia kwake mjomba wa kijana, kushoto mchungaji wa kanisa lao, suti ya kung'aa. Kijana mwenyewe alikaa karibu na dirisha, macho kwenye zulia.

"Mukule kwanza," mama wa kijana akasema. Tukala. Hata mchungaji alikula, tena hakuonea huruma sinia. Kiisha akapangusa vidole, akashika simu.

"Mama, hatuna mubaya na mutoto wenu. Lakini angaria hii. Moja, mbili, tatu. Na hii: moja, mbili, tatu. Mapicha yote iko na pembe tatu! Ile ni alama ya secte, ya dini ya siri. Bakubwa ya dunia njo banaitumikia."

"Papa pasteur, ile ni hema," nikasema.

"Hema ya nani?"

"Ya muzungu moja wa Ganshoren. Hata choo ya inje anaiogopa."

Mjomba akakohoa ndani ya leso. Mama wa kijana hakukohoa.

"Na hizi za orange?"

"Hizi ni barabara yenu, maman. Fungua dirisha utaziona."

"Bon. Alors mutuambie kitu moja. Juu ya nini hamuna muntu mu mapicha? Hata moja! Bantu beko wapi? Juu ya nini anabaficha?"

Swali lile nilikuwa nimeliuliza mimi mwenyewe, karibu kwa maneno yale yale. Lakini kulisikia kwenye kinywa chake kulinichukiza. Nikagundua kwamba neno langu, likikaa kwa mtu mwingine, linaweza kuwa la kijinga.

Mjukuu wangu akajibu kwa sauti ndogo. "Maman, napenda tu vile zinasimama. Vijiti dhaifu vikiegemeana, hema haianguki."

"Umesikia, pasteur? Vijiti!" akasema mama wa kijana, kama vile mtoto amekiri.

Akapitisha kidole, akasimama kwenye picha nyingine. "Na hii mulima nyeusi? Huku njo kwenye banaendaka kuabudu?"

Nikachukua ile simu. Nikaitazama, nikamtazama yeye.

"Maman, ulizaliwa wapi?"

"Lubumbashi. Ku Katuba. Juu ya nini?"

"Na hauyue mulima yenu?"

Mjomba akainuka kwenye kiti, akachungulia. "Ee! Njo yenyewe! Cheminée tu, ile bomba ya moshi, njo haionekane. Wee, dada, tulikuwa tunaiona kila asubuhi!"

Ulikuwa ule mlima wa uchafu wa shaba, mweusi, ncha juu, uliosimama juu ya mji wetu tangu kabla hatujazaliwa. Mjukuu wangu aliupiga tulipokwenda kumzika babu yake. Mume wangu alifanya kazi pale kwenye tanuri maisha yake yote. Takataka ya moto ilimwagwa pale juu ikiwa nyekundu, na watoto mtaani walipiga kelele wakiiona inateremka. Nikawaambia: "Kipande cha huu mulima, bwana yangu njo alikimwanga. Munauliza muntu eko wapi mu picha? Eko pale. Na kama mulima ni ya shetani, basi shetani njo alitusomesha batoto sisi bote, na wewe maman alikuvalisha viatu ya komunio."

Nilifikiri nimemaliza. Sikumjua mchungaji.

"Shetani anayua kulipa muzuri, mama," akasema.

Nikachukua sambusa ya mwisho, nikaiweka mbele yake. "Na hii, papa? Hesabu pembe."

Akaitazama. Nikaona shingo yake inameza kitu ambacho hakikuwepo.

"Chakula tulikibariki," akasema.

Alors, uamuzi ukatoka. Mjukuu wangu afute picha zote, zisibaki hata kwenye kamera, na Jumapili asimame mbele ya kanisa aombewe. Asipofanya hivyo, posa inasimama. Binti yangu akaanza kusema asante, asante, tumeelewa. Mjukuu wangu hakumtazama mchungaji wala mama. Alimgeukia yule wa dirishani.

"Na wewe unasema nini?"

Kijana akakuna goti. "Bébé... ni mapicha tu."

Basi la kurudi lilikuwa limejaa, tukasimama mpaka Evere. Nyumbani tulimkuta mkwe wangu, kazi yake ilikuwa imeisha kabla hatujafika. Akaelezwa. Kila mtu akawa na shauri.

"Futa, mutoto," binti yangu akasema. "Kiisha arusi utapiga zingine. Bwana mwenye adabu kama ule utamupata wapi?"

"Mi niko na mayele," mkwe wangu akasema. "Weka copie mu ordinateur yangu, kiisha futa mu simu. Batayua nini?" Alijiona ni mtu wa werevu sana na kompyuta yake, baba wa familia, anamfundisha binti yake kuingia kwenye ndoa kwa mlango wa wezi.

Mjukuu wangu akakaa mezani. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kioo cha simu, anayafuta kwa mkono wa shati, yanadondoka tena. Akachagua picha zote. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Hata simu iliona ni vizuri kumuuliza. Sisi tuliomzaa hakuna aliyekuwa amemuuliza, na mimi ni mmoja wao.

Sasa msikilize, vijana, msije mkasema kwamba bibi aligeuka msanii. Picha zile sizipendi. Mpaka leo sijaona faida ya kikoni cha barabarani ukutani. Lakini nimekaa kwenye ndoa muda mrefu, na nimeona za wengine. Mwanamke anayeambiwa afute mahema kabla ya harusi, baada ya harusi ataambiwa afute marafiki, na siku moja atatufuta sisi, akilia hivyo hivyo, na mume wake pembeni anakuna goti. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

"Weka simu chini! Mu nyumba hii hakuna mwenye atafuta picha hata moja, na hakuna mwenye atazificha mu ordinateur. Kesho mutaita ule kijana. Akuye yeye mwenyewe, akae pale kwa kiti, aangarie mapicha yote mpaka mwisho, kiisha aseme na kinywa yake kama anamutaka huyu mutoto vile eko. Na akikuya na mama yake ao na pasteur, mulango musifungue."