Samaki Hapandi Tuktuk Hii

Mjukuu wangu alinikatalia mbele ya mlango wangu mwenyewe, nikiwa nimeshajifunga leso ya kutokea na kikapu kiko mkononi.

Nilikuwa na mikungu ya ndizi na kikapu cha kambare. Ndizi ni za shamba langu la kando ya mto, hapa Golbanti. Kambare niliwanunua kwa wavuvi, nikawapasua, nikawabanika mpaka wakakauka vizuri, maana kuna watu Garsen wanaonijua kwa kambare wangu kuliko wanavyonijua kwa sura. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nimekaa kwenye soko lile tangu baba wa huyu msichana akinyonya. Basi nikapakia ndizi nyuma ya tuktuk, nikainama kuinua kikapu.

"Nyanya, ndizi sawa," akasema. "Samaki hapana."

"Hapana ya nani?"

"Yangu. Samaki hapandi tuktuk hii."

Nikamtazama. Huyu nimemfuta makamasi kwa kidole changu. "Na hayo mabega unayoshikia usukani, uliyapata kwa kula nini?"

"Kwa kula samaki wako, nyanya. Lakini leo ni siku ya maziwa."

Nilijua ni siku ya maziwa. Kijiji kizima kilijua. Tuktuk ile ni ya mwanangu, baba yake. Alipopata kazi ya ulinzi Malindi aliiacha nyuma ya jiko langu, kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha abiria. Wanaume wakaja mmoja mmoja kusema iuzwe. Msichana akafukuza kuku, akaosha, akajifunza kuendesha, akapata leseni. Lakini abiria wa kuokota njiani si kazi. Mwanangu akapiga simu: kama mwezi huu hakuna kazi ya uhakika, tuktuk iuzwe, na yeye binti aende Mombasa kufanya kazi za ndani, kuna mama anatafuta mtu.

Kazi ya uhakika ilikuwa maziwa. Kuna wanawake wawili wa Kiorma, mmoja mtu mzima, mmoja kijana, wanaokamua alfajiri huko malishoni na kupeleka maziwa kwenye hoteli moja ya chai Garsen. Walikuwa wanachukuliwa na kijana mmoja wa hapa kwetu, mwenye tuktuk nyekundu. Sasa yule kijana anabeba samaki pia, na maziwa hayana adabu, yanashika kila harufu inayopita. Waorma wenyewe samaki hawali, hata kumtazama hawapendi, na mwenye hoteli akawarudishia madumu akisema chai yake inanuka ziwa. Ndipo wakamwambia mjukuu wangu: tutakujaribu siku moja. Maziwa yakifika mazuri, kazi ni yako kila siku. Yakiharibika, tunarudi kwa yule.

Kwa hiyo kambare wangu nikawaacha kwa jirani. Nilinuna, na mimi nikinuna hata paka anahama jikoni.

Tukawakuta wale wanawake wamesimama kando ya njia na madumu yao ya manjano, maziwa bado yana joto la ng'ombe. Yule mtu mzima kabla ya kupanda aliinamisha kichwa ndani, akanusa. Akanusa kiti. Akanusa ndizi zangu. Kisha akaninusa mimi! Nikamwambia, "Nimeoga." Akacheka, akapanda.

Tulikwenda vizuri. Njia ya kwetu ni tuta la udongo, huku na huku majaruba ya mpunga na maji, na asubuhi ile lilikuwa limekauka. Mara nikasikia kitu kimesema *taa*, kama uzi wa kushonea gunia ukikatika. Tuktuk ikaruka mara moja, ikazima.

Mjukuu wangu akashuka, akapiga magoti. Akarudi na kipande cha waya mkononi. "Waya wa klachi umekatika."

"Ufunge," nikasema.

"Umekuwa mfupi, nyanya. Mwingine uko kwa fundi, Garsen."

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma shingo. Yule mwanamke kijana wa maziwa alivua mtandio wake wa juu akafunika madumu. Yule mtu mzima alitazama jua, akatazama madumu, akatazama jua.

Na nani akatokea? Tuktuk nyekundu. Aliisimamisha pembeni yetu taratibu kabisa, kama mtu aliyealikwa.

"Pole, siste," akamwambia mjukuu wangu. "Nilisema mimi. Hii si sufuria, ukikoroga tu inakwenda." Kisha akawageukia wale wanawake. "Mama, leteni madumu. Nitawafikisha sasa hivi, maziwa hayajui hata kama kumetokea kitu."

Nyuma yake kulikuwa na gunia limelowa, na mkia umechungulia.

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kuwashika wale wanawake mikono niwaambie habari ya Mombasa, ya mama anayetafuta mtu. Lakini mjukuu wangu alitangulia.

"Maziwa ni yenu," akawaambia. "Mkitaka kwenda naye, nendeni, sina kinyongo. Mkibaki na mimi, mtasukuma. Na ikishaondoka haisimami tena mpaka Garsen, kwa sababu bila klachi ikisimama itazima, na kule mbele kwenye mchanga hatutaweza kuisukuma sisi wanawake wanne."

Yule mtu mzima akachukua dumu lake, akaenda mpaka kwenye tuktuk nyekundu. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndara. Akasimama mbele ya lile gunia. Mkia ukatingishika, samaki mmoja alikuwa bado hajakubali kufa. Yule mama akarudi na dumu lake nusu mbio, akiwa ameziba pua.

"Sisi nasukuma," akasema.

"Haya, sukumeni!" yule kijana akacheka. "Mtanikuta nimeshakunywa chai." Akaondoka, akatuachia vumbi.

Mjukuu wangu akawasha injini, akapiga kelele, "Sasa!" Tukasukuma. Wale wawili ni wembamba, miguu mirefu, watu wa kutembea na ng'ombe. Mimi Mungu alinijaza. Tuktuk ikaanza kukimbia, yeye akaingiza gia, ikashtuka, ikashika. Wao wakaruka ndani kama mbuzi. Mimi nikabaki njiani nakimbia, leso moja mkononi.

"Nyanya, panda!"

"Napandaje na inakwenda?"

Mikono minne ikanikamata, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, mingine sijui wapi, nikaingia kichwa mbele nikaangukia ndizi. Mikungu ya chini ikapondeka. Nilicheka mpaka machozi, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimenuna.

Mchanga tukaupita. Tulikuwa tumekaribia lami, na hapo ndipo tuliposema sasa basi. Ng'ombe. Kundi zima limejaa barabarani, pembe kwa pembe, linakwenda kunywa maji, na wachungaji wako nyuma kabisa kwenye vumbi. Mjukuu wangu alipiga honi. Ng'ombe wa Kiorma na honi! Hata sikio hawakugeuza. Akapunguza mwendo mpaka injini ikaanza kukohoa.

"Nikishika breki imekwisha," akasema. Sauti yake, ndiyo mara ya kwanza siku hiyo niliisikia inatetemeka.

Yule mama mtu mzima akatia dumu lake mapajani mwangu. "Shika." Akaruka chini tuktuk ikiwa inakwenda, akakimbia akatupita, akashuka kwenye majani upande wa kulia wa njia, na akaanza kuita. Haikuwa kelele. Ulikuwa ule wito wanaowaitia ng'ombe wakati wa kukamua, mrefu, wa kubembeleza, unapanda unashuka. Vichwa vikainuka. Ng'ombe mmoja mwekundu akageuka, mwingine akamfuata, halafu kundi lote likamiminika kwenye majani kwenda kwake kama limeitwa nyumbani. Njia ikafunguka. Mjukuu wangu akapita katikati ya mikia.

"Siwezi kukusubiri!" akapaza sauti.

"Enda! Enda!" Na yule mama akatokea kwenye vumbi, amekusanya nguo zake mkono mmoja, anakimbia. Mwenzake akamnyooshea mkono, mimi nikamshika kwapa. Sasa ilikuwa zamu yangu ya kuvuta mtu.

Garsen tuliingia bila kusimama popote. Mbele ya hoteli mjukuu wangu akazima injini, tuktuk ikatikisika, ikatulia. Ndani wateja walikuwa wanakunywa chai ya rangi na nyuso za msiba. Yule kijana alikuwa mmoja wao.

Mwenye hoteli, mama mfupi asiyependa maneno, alitazama jua. "Mmechelewa. Haya yameshakatika."

"Yachemshe," mjukuu wangu akasema.

Mwenye hoteli akamimina kidogo kwenye sufuria, akaweka jikoni. Wote tukasimama juu ya lile jiko. Maziwa yaliyokatika yakipata moto yanaachana, maji huku, mabonge huku, hakuna wa kuyatetea. Mjukuu wangu alikuwa amekishika tena kile kipande cha waya. Maziwa yakatulia, yakafanya utando, yakavimba, yakapanda meupe mpaka ukingoni, na mwenye hoteli akayainua kabla hayajamwagika. Akanusa. Akanusa tena.

"Leo hayanuki samaki," akasema, akamimina yote.

Yule kijana akasogeza kikombe chake atiliwe. Nikamwambia, "Wewe malizia kwanza hiyo ya rangi, mwanangu."

Yule mama wa maziwa akafunga madumu yake matupu, akamgusa mjukuu wangu begani. "Kesho. Mapema."

"Kesho na waya mpya," akajibu.

Jioni mwanangu alipopiga simu niliichukua mimi. Nikamwambia huyo mama wa Mombasa atafute mtu mwingine.

Mpaka leo mjukuu wangu anawabeba wale wa maziwa. Na kambare wangu mpaka leo wanakwenda sokoni kwa bodaboda, nauli natoa mwenyewe. Wenzangu wananiuliza, wewe mjukuu wako ana tuktuk, mbona samaki wako wanakuja na pikipiki ya watu? Nangoja mpaka wateja wawe wengi, ndipo nawajibu kwa sauti, wasikie wote mpaka kwenye nyanya na vitunguu:

"Amenikataza!"