Mdomo Wangu na Picha ya Mzamiaji

Asubuhi ile ya Juni nilikuta magari kwenye njia ambayo miaka yote nilipishana na kulungu tu.

Mengine yana namba za majimbo ya mbali. Mitumbwi imefungwa juu.

Mama mmoja akashusha kioo. "Mzee, bwawa la ile picha ni huku?"

Nikavuta kofia usoni. Maana mdomo uliowaita ulikuwa wangu.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule nimesoma vipandevipande, kazi vilevile. Uzee ukanidakia Maine, kule Marekani, kwenye kamji ka kaskazini, nikatulia. Ila kule hata ukae miaka thelathini, bado ni mtu wa kuja. Hawakutukani. Wanakuitikia kwa kichwa, basi.

Maktaba yao ina picha moja ya rangi za maji, ya karne ya kumi na tisa. Ndege mzamiaji, mweusi wa madoa meupe, jicho jekundu kama kaa la moto, kinda kambeba mgongoni. Nyuma yake jabali lenye pengo kama jino lililong'oka, upande wa kushoto.

Chini wameandika: Mahali hapajulikani.

Nilimuuliza sana Bi Verlene, mtunza maktaba. "Kweli hakuna anayepajua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," anajibu, huku anapangusa kioo cha picha.

Sasa, nilikuwa na bwawa langu la kujifichia. Navua, nalala, sisumbui mtu. Siku moja nanyoa ndevu, kioo nimekitundika kwenye tawi. Ndani ya kioo nikaliona jabali la nyuma yangu.

Pengo kushoto.

Nikageuka. Pengo kulia!

Nilijikata shavu. Kumbe mchoraji aliigeuza picha! Na wazamiaji walikuwa palepale, wamelalia mayai ukingoni mwa maji.

Kiherehere kikanipanda. Nikapiga picha, nikaitupa mtandaoni pamoja na ile ya maktaba, jina la bwawa nikalitaja. "Fumbo la miaka yote nimelitegua mimi!" Watu wasionijua wakanimwagia sifa. Kichwa kikavimba.

Jumamosi kanisani kuna mlo wa maharage wa mji mzima. Nikaingia kifua mbele.

Merton, muuza chambo, akapaza sauti: "Bingwa wa mtandao huyo!"

Nikacheka. Peke yangu.

"Kaa popote, bwana mkubwa," akasema. "Leo utapata nafasi."

Nikapata benchi zima.

Kesho yake ndipo nikakuta yale magari. Nikakimbia hadi bwawani. Mitumbwi, kelele, kamera za droni zinaruka juu. Mzamiaji yuko katikati ya maji analia kwa ile sauti yao, kama mtu anacheka msibani.

Kiota kiko wazi. Mayai mawili.

Nikawafukuza watu, wakaniona mzee mkorofi. Walipoondoka nilijificha vichakani, nikangoja hadi jua likazama. Hakurudi. Nikayagusa mayai.

Baridi kama mawe.

Nilikwenda kwa Bi Verlene kofia mkononi. "Mama, nimeharibu. Nilidhani hampajui."

Akanivutia kiti.

"Mama wa bibi yangu ndiye aliyempikia mchoraji yule. Ndiye aliyemwomba aigeuze, wawindaji wasipapate. Mji huu hakuna mtoto asiyepajua."

"Na yale maandishi?"

"Ya wageni."

"Mbona mimi hamkuniambia?"

"Hapa haambiwi mtu. Unapaona, unanyamaza. Merton alikuona kule zamani sana. Akaja kutuambia: yule mzee anapajua, na hasemi." Akashusha sauti. "Tangu siku ile tulikuhesabu wa hapa."

Jamani.

Kile nilichokuwa nakitafuta kwa makelele, nilikuwa nimeshapewa. Nimekikalia miaka, sijui.

Niliyoandika nimeyafuta, lakini yalishasambaa. Mwaka umepita, na kiangazi hiki wazamiaji hawajatua. Mimi ndiye nasimama pale njiani.

"Mzee, bwawa la ile picha ni huku?"

"Mahali hapajulikani," nawaambia.

Ndugu zangu, ukifika kwa watu ukawakuta kimya juu ya jambo, usidhani hawalijui. Pengine wanakutazama kama na wewe utaweza kunyamaza.

Na jina la bwawa msiniulize.